Chumba Kinachotazama Bahari

Kila asubuhi Sajini Ilse Plaatjies alikuwa na dakika kumi za kwake mwenyewe. Alifika kituoni saa moja na nusu, akamimina kahawa, akachovya moja ya biskuti ngumu ambazo mama yake humwokea kila Jumapili. Alihesabu moja, mbili, tatu, kisha akaitoa kabla haijalainika. Jumatano hiyo alikuwa amefika mbili mlango uliposukumwa kwa nguvu. Akainua macho, na kipande cha biskuti kikazama kikombeni.

Aliyeingia ni Odette Swanepoel, mwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya miamba ya Hermanus. Alikuwa bado amevaa aproni, na mikono yake ilikuwa na unga.

"Nimekuja kuripoti mgeni ambaye hajafika," alisema.

Konstebo Luvuyo Mbovane alicheka pale kaunta. "Mama, hilo si la polisi. Mgeni asipofika unampa mwingine chumba."

"Wewe kijana, sikuacha mikate kwenye oveni nije kuchekwa."

"Kaa, Mama Odette," Ilse alisema, akisogeza kikombe pembeni. "Mgeni gani?"

"Katriena Fielies. Trienie. Wa kule juu bondeni, shamba la Vaalduin. Alichukua chumba changu kinachotazama bahari, yeye na mume wake, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili."

Luvuyo aliinua nyusi. "Vaalduin ni kilomita kumi na tano kutoka hapa. Nani anaenda likizo kilomita kumi na tano?"

"Watu wanakaa kwenye ndege kwa saa kumi na mbili nzima waje kukaa hapa hapa," Odette alimjibu. "Yeye alitaka kuona wanafuata nini. Ameishi bondeni miaka hamsini na minane, anafua mashuka ya wageni wa shamba. Mashuka anayajua. Kulala juu yake ndiko asikokujua."

Ilse alichukua kalamu. "Huenda alibadili mawazo."

"Trienie? Amenipigia simu kila Ijumaa tangu Septemba. Ijumaa moja anauliza kama dirisha linafunguka. Nyingine anauliza kama mume wake akija na viatu vya kazi tutamkatalia mezani. Ijumaa iliyopita aliuliza kama inaruhusiwa kukaa tu barazani bila kuagiza kitu." Odette alitoa karatasi mbili za daftari zilizokunjwa. "Na alinitumia hii, eti nijue kifungua kinywa watakitaka saa ngapi. Sajini, mtu aliyeandika hivi haachi kuja. Jana nimepiga simu yake siku nzima. Imezimwa."

Ilse alizikunjua. Mwandiko ulikuwa wa duara, wa mtu aliyejifunza vizuri darasani kisha akakosa cha kuandika.

*Jumatatu. Saa 12 na nusu Kerneels anatuchukua. Chai barazani. Barend asiguse kazi yoyote.*

*Jumanne. Kutembea njia ya juu ya bahari mpaka benchi la kijani. Barend avae viatu vyeusi.*

*Jumatano. Kuonja mvinyo, mashamba matatu. La mwisho Vaalduin. Tukae kwenye viti vya wageni.*

*Alhamisi. Samaki bandarini. Tule kwa mikono.*

*Ijumaa. Hakuna kitu. Kulala mpaka saa tatu.*

*Jumamosi. Nyangumi hawapo Februari, najua. Tutaangalia mahali wanapokujaga.*

*Jumapili. Kanisa la mjini, halafu nyumbani.*

Ilse alisoma mara mbili, kisha akarudi kwenye neno moja. Februari.

"Nikishikilie chumba?" Odette aliuliza akiwa mlangoni. "Kuna Wadachi wawili wanakitaka tangu jana."

"Kishikilie, Mama."

*

Njiani kupanda bondeni Luvuyo aliendesha gari, mkono mmoja nje ya dirisha.

"Dada Ilse, hii likizo ni ya uongo. Mimi mtu wa Dutywa, sijui mizabibu, lakini hata mimi najua Februari ni mavuno. Hakuna mtu wa bonde hili anayelala mpaka saa tatu Februari. Hata mbwa wanafanya kazi."

"Na Barend Fielies ndiye mkuu wa ghala la mvinyo," Ilse alisema. "Babu yangu alifanya kazi ghala kama hilo. Mama yangu alizaliwa Machi. Babu alimwona kwa mara ya kwanza Aprili."

"Basi mume kaiandika mwenyewe. Kamfanyia mke wake kitu, sasa anatengeneza hadithi ya safari."

"Mwandiko huu si wa mwanamume anayejiandikia avae viatu vyeusi."

"Unajuaje? Labda ni mjanja."

"Mjanja angechagua Juni."

Bwana Le Grange, mwenye Vaalduin, walimkuta kwenye sakafu ya kupokelea zabibu, nyigu wakimzunguka, suruali imelowa mpaka magotini. Trekta lilikuwa likimwaga zabibu. Alizungumza nao bila kuacha kuangalia mashine.

"Likizo ipo, ndiyo. Trienie alikuja ofisini kwangu Agosti. Peke yake. Akaniambia, Bwana, kila mwaka Barend ananiambia tutakwenda baada ya mavuno. Baada ya mavuno kuna kuhamisha mvinyo kwenye mapipa, halafu kupogoa, halafu kujaza chupa, halafu mavuno tena. Mwaka wa thelathini na moja sasa. Nataka unipe wiki moja katikati ya mavuno, akose pa kuisogeza."

"Ukampa?"

"Ningesema nini? Alikuwa amevaa kofia ya kanisani." Le Grange alijifuta uso. "Barend ana likizo tangu Jumatatu. Lakini tangu Jumatatu yuko hapa hapa. Anasema mkewe ametangulia, yeye atafuata Ijumaa. Nikamwambia nenda, mtu wangu, mwanangu yupo atasimamia. Hasikii. Na bora hata angekuwa anafanya kazi! Matangi matatu ya ghala la chini yanachacha bila kuguswa siku ya tatu leo. Feni imeharibika, anasema. Hakuna kushuka mpaka fundi aje kutoka Caledon."

Ilse aliacha kuandika. "Siku ya tatu hakuna aliyesukuma maganda?"

"Hakuna. Mvinyo ule nimeshauzika moyoni."

Maganda ya zabibu nyekundu hupanda juu ya tangi na kukaa kama kifuniko, na lazima yasukumwe chini mara tatu kwa siku, ama sivyo mvinyo unageuka siki. Babu yake Ilse aliwahi kutoka kwenye mazishi ya kaka yake mwenyewe, akaenda kusukuma, akarudi kaburini na mikono ya zambarau.

"Nani mwenye ufunguo wa ghala la chini?"

"Barend. Ni Barend tu siku zote."

*

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa safu moja nyeupe nyuma ya miti ya mikalitusi. Barend Fielies alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya nne, mikono juu ya magoti. Mtu mrefu, mwembamba, wa miaka sitini hivi. Alisimama walipokaribia, kama mtu aliyeitwa darasani.

Uso wake ulikuwa na rangi mbili. Kuanzia nyusi kushuka chini ulikuwa umekomaa kwa jua la miaka mingi. Juu ya nyusi paji lilikuwa jekundu, limeungua, ngozi imeanza kuchunika.

"Mjomba Barend," Ilse alisema, "mimi ni mjukuu wa marehemu Apools Plaatjies wa Sandvlei."

"Namkumbuka. Karibu, mwanangu. Sina... kahawa huwa anapika Trienie."

"Yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Wapi?"

"Kwa mdogo wake, Siena, kule Grabouw. Wakae kwanza kidogo. Halafu mjini. Mimi nitafuata Ijumaa."

"Alichukuliwa na nani?"

"Siena. Jumatatu. Alfajiri."

Luvuyo aliandika. Ilse aliomba ruhusa ya kuingia, na Barend akasogea pembeni. Chumba cha kulala kilikuwa kimepangwa vizuri, kitanda kimetandikwa upande mmoja tu. Upande wa pili shuka lilikuwa limevurugika. Kabati lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na ovaroli mbili, koti la kazi na hanga tisa tupu.

"Sanduku lilikuwa moja?"

"Moja. Kubwa. Alilipata kwa wageni, gurudumu moja bovu."

"Nguo zako nzuri ziko wapi, Mjomba?"

"Sandukuni. Alipiga pasi zote Jumamosi."

"Kwa hiyo amekwenda Grabouw na mashati yako, suruali yako na viatu vyako vyeusi."

"Ndiyo."

"Na wewe Ijumaa utakwenda kukaa kwa Mama Odette umevaa nini?"

Barend alitazama hanga tupu. Alifunga mlango wa kabati.

"Tutaona," alisema.

Walipotoka, mwanamke wa nyumba ya tano alikuwa akianika nguo zilizokwisha kukauka. Jina lake Mina Jantjies.

"Mnamtafuta Trienie?" alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Muulizeni Kerneels wa gari la mikate. Mimi sisemi kitu. Lakini mwanamume gani anabaki mlangoni kwa mtu robo saa kwa ajili ya mkate mmoja?"

"Uliwaona wakiondoka pamoja?"

"Kuona sikuona. Nilisikia honi Jumatatu. Mara tatu. Halafu gari likaondoka mbio. Mtu asiye na siri haondoki mbio."

"Dada Mina," Luvuyo alisema, "na wewe Jumatatu saa kumi na mbili na nusu ulikuwa dirishani unafanya nini?"

"Nilikuwa naomba Mungu."

"Na pazia limefunguliwa?"

"Mungu anapenda hewa."

Ilse alikuwa ameshapiga simu. Siena alipokea kwa kelele za kiwanda cha kufungasha matufaha. "Kwangu? Trienie hajaja kwangu tangu Krismasi. Nimchukue na nini, Sajini, mimi sina hata baiskeli. Kwani hayuko mjini? Si ndiyo wiki yake? Sajini? Yuko wapi dada yangu?"

Ilse alimwambia bado wanamtafuta. Alikata, kisha akapiga ya pili.

Kerneels alikuwa njiani, Stanford, anagawa mikate. Alikasirika kabla hajaulizwa. "Nimtoroshe nani? Mimi nina mke ambaye simmudu. Nilipanga kuwachukua wote wawili, yeye na Mjomba. Nilifika saa kumi na mbili na nusu kamili, taa za barabarani ndiyo kwanza zinawaka, mgao wa umeme ulikuwa umeisha dakika hiyo. Nikapiga honi. Kimya. Nikapiga tena. Mara namwona Mjomba anakuja, hatoki nyumbani, anatoka upande wa ghala. Ananiambia Trienie ameshaondoka na mdogo wake. Nikaudhika. Miezi mitano ananisumbua, Kerneels usichelewe, Kerneels usichelewe, halafu anaondoka na mwingine! Nikakanyaga mafuta."

"Alikuwaje, Mjomba Barend?"

"Kawaida... Hapana. Alikuwa kichwa wazi. Sijawahi kumwona kichwa wazi nje, hata kwenye mazishi anavua kofia mlangoni mwa kanisa tu. Nikamtania, Mjomba, leo umevua taji? Hakucheka."

Ilse alikata simu. Kule kwenye kizingiti Barend alikuwa amekaa tena vilevile, jua la saa tano likimchoma paji, na hakuinua hata mkono kujikinga.

"Kerneels hahusiki," Luvuyo alisema. "Siena hahusiki. Gari jingine halikuja, Mina angelisikia hata likija kwa miguu. Kwa hiyo mama huyu hajatoka shambani."

"Hajatoka."

"Na mzee ana siku tatu anakaa juani bila kofia. Kwa nini asiende kuichukua?"

"Kwa sababu anajua ilipo," Ilse alisema. "Piga simu zimamoto. Waambie waje na mitungi ya kupumulia. Halafu mwombe Bwana Le Grange ashuke ghalani, na asiniulize kitu."

*

Ghala la chini lilichimbwa kwenye ubavu wa kilima kabla babu zao hawajazaliwa. Mlango wake mzito wa mbao ulikuwa na kufuli. Pembeni ya mlango, ukutani nje, kulikuwa na sanduku la swichi.

Barend alikuja nao bila kubishana. Ilse alipomwomba ufunguo aliutoa mfukoni mara moja, kama kitu kilichokuwa kikimuunguza, lakini alipoukabidhi vidole vyake havikuuachia. Ilse alilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja, taratibu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na kijukwaa cha saruji na ngazi zinazoshuka gizani. Kushoto, ngazi nyembamba ya mbao ilipanda darini, kwenye stoo ya makasha matupu. Baridi ilipanda kutoka chini ikiwa na harufu ya zabibu zilizochacha, kali, ya kukwaruza pua.

Ukutani, juu ya ngazi ya saruji, kulikuwa na misumari sita mirefu, safu moja. Kwenye msumari wa tatu ilining'inia kofia ya kitambaa cha kahawia, ukingo wake umeliwa na jasho.

Chini ya kofia, ukutani, lilisimama sanduku kubwa la bluu lenye gurudumu moja bovu.

Le Grange alivua kofia yake mwenyewe.

"Misumari hii ni ya nini?" Luvuyo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila mtu wa ghala ana wake," Ilse alisema. "Ukishuka unatundika kofia, ukipanda unaichukua. Asiwepo mtu wa kufunga mlango na mwenzake yuko chini. Kofia ikiwa msumarini, mwenyewe yuko chini. Ni hivyo, Mjomba?"

Barend alitikisa kichwa kukubali.

Ilse alichukua mshumaa kwenye rafu, mahali ambapo mshumaa huwa katika kila ghala la bonde lile, ukiwa umefungwa kwenye fimbo ndefu. Aliuwasha. Alisimama juu kabisa na kuushusha ngazi moja baada ya nyingine. Ya kwanza, moto ukasimama. Ya pili. Ya tatu, ukawa mdogo na wa manjano. Ya nne, ukazimika, na moshi wake ukalala chini badala ya kupanda.

"Hewa ya mchacho wa zabibu," alimwambia Luvuyo. "Nzito kuliko hewa yetu. Inajaa kuanzia chini kama maji. Huioni. Unavuta mara mbili tatu na umeanguka."

"Ndiyo maana kuna feni," Le Grange alisema. "Na feni imekufa."

Ilse alitoka nje mpaka kwenye sanduku la swichi. Aliinua swichi ya pili. Huko ndani feni ilinguruma, ikakohoa vumbi, ikazunguka vizuri.

Alirudi akasimama mbele ya Barend. "Feni ni nzima. Kwa ratiba, mgao wa umeme ulianza saa kumi alfajiri Jumatatu, ukaisha saa kumi na mbili na nusu. Feni ilikuwa imesimama kwa muda wa saa mbili na nusu, na matangi matatu yanachemka. Hakuna mtu wa ghala anayeshuka hapo bila mshumaa."

"Hakuna," Barend alisema.

"Wewe hukushuka."

"Hapana."

"Lakini kofia yako ilikuwa msumarini. Mjomba Barend, kabla hujajibu, lolote utakalosema nitaliandika na litasomwa mbele ya hakimu. Unaweza kunyamaza. Umenielewa?"

"Nimenyamaza sana, mwanangu." Alitazama ngazi ya mbao. "Nilikuwa juu. Darini. Kwenye makasha."

"Unafanya nini?"

"Nimejificha."

Luvuyo aliinua kalamu, akaishusha.

"Niliamka saa kumi," Barend alisema. Maneno yalimtoka polepole, kama anayevuta kitu kizito kisimani. "Yeye alikuwa tayari ameamka, anaoga, anaimba. Nikasema nakwenda kuangalia matangi mara moja. Nikatundika kofia. Nikapanda darini. Nilisema, Kerneels atakuja, atapiga honi. Wakija kunitafuta wataona kofia, watajua niko chini, na umeme hakuna, kwa hiyo hawatashuka. Watasimama hapa mlangoni waniite, wachoke. Kerneels ana mikate ya kugawa. Ataondoka. Ikishapita Jumatatu, basi, imepita. Ningemwambia matangi yalisumbua."

"Ulijua hawatashuka."

"Kila mtu wa ghala anajua. Mtoto wa ghala anajua." Alitazama sanduku la bluu. "Yeye hakuwa mtu wa ghala. Yeye alikuwa wa mashuka. Alichojua ni kofia tu."

"Alikuja saa ngapi?"

"Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Nilisikia lile gurudumu bovu kwenye kokoto. Amevaa viatu vya kisigino. Akasimama hapa. Akaita, Barend! Toka huko, gari linakuja! Anacheka. Halafu akasema, basi nakuja kukuvuta masikio. Nikasikia visigino. Vinashuka."

Feni ilinguruma.

"Nilikuwa na nafasi ya neno moja," Barend alisema. "Ningesema tu, Trienie. Ningekohoa. Lakini ningekohoa angejua niko darini, mtu mzima wa miaka sitini na moja, kwenye makasha. Nikaona aibu. Nikasema atafika chini, hatanikuta, atapanda, atakasirika. Nikahesabu. Visigino vikaacha kulia. Nikahesabu tena. Nikashuka na mshumaa. Ukazimika kwenye ngazi ya nne. Nikamwita. Nikashusha mguu mpaka ya tano, macho yakaingia giza, nikarudi. Halafu honi."

"Umeme ulirudi hapo hapo," Ilse alisema.

"Niliwasha. Nikaenda kumdanganya Kerneels, kwa aibu ile ile, nikarudi nikangoja. Nilisimama hapa mpaka hewa ikawa safi, nikashuka nikamwona." Alionyesha kwa mkono wazi, kama kupima urefu wa mtu aliyelala. "Nikamfunika na koti. Nikapanda, nikazima. Ningeacha feni inazunguka, mtu angeshuka. Na mtu akishuka, itakuwa kweli."

Le Grange aligeuka akatoka nje. Walisikia akitapika kwenye mikalitusi.

Simu ya Ilse ilitetema. Ilikuwa Odette. Ilse alisogea mpaka mlangoni, alikoweza kuona baraza la wageni upande wa pili wa bwawa. Watu sita walikuwa wamekaa pale kwenye viti vya turubai, wakizungusha mvinyo kwenye glasi. Ilikuwa Jumatano.

"Sajini, wale Wadachi wanauliza tena. Nikishikilie bado?"

Ilse aliwageuzia mgongo. "Wape, Mama Odette," alisema.

Aliporudi, Barend alikuwa amekaa kwenye kijukwaa, karibu na sanduku la bluu, miguu kwenye ngazi ya kwanza. Luvuyo alikuwa amekaa kando yake, amemshika mkono wa shati, si kwa nguvu.

"Swali moja tu," Ilse alisema. "Halipo kwenye fomu. Kwa nini hukutaka kwenda?"

Barend alifikiri. "Umeona ile karatasi yake? Jumatano?"

"Nimeiona."

"Vaalduin. Kwenye viti vya wageni. Anayemimina pale ni mtoto wa binamu yangu. Angenimiminia mvinyo nilioutengeneza mimi, aniulize, Bwana anaonja nini? Ningesema nini? Baba yangu alipita njia ile ya bahari amebeba mizigo ya watu, na kulikuwa na kibao cha Wazungu tu, haruhusiwi kukaa kwenye benchi. Benchi lile lile la kijani. Yeye alisema ndiyo maana twende tukakae. Mimi... kila nikiwaza nilikimbilia matangi. Miaka thelathini na moja."

"Ulimwambia?"

"Nilisema, baada ya mavuno. Nilisema, tutaona." Alijipapasa paji lililoungua. "Hakuna siku niliyosema hapana. Alikuwa na furaha sana akiandika. Anauliza, Barend, Ijumaa tufanye nini? Nikasema, chochote. Akaandika, hakuna kitu. Akacheka sana."

King'ora cha zimamoto kilisikika mbali, kikipanda bonde. Ilse aliwasha mshumaa tena na kuushusha kwa fimbo. Ngazi ya nne, moto ulisimama. Ya tano. Ya saba. Ya kumi, na huko chini mwanga ukagusa ncha ya kiatu cha kike, cheupe, kisigino kimeinama.

Barend alikiona. Aliegemea mbele, viganja juu ya saruji, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili.

"Trienie. Mimi sitaki kwenda. Naogopa. Nenda wewe, mke wangu, nenda ukakae kwenye benchi. Mimi nitakungoja nyumbani."